Ghorofa Kumi na Mbili za Mlimbwende

Iko nchi inaitwa Ughera. Anayetaka kujua iko upande gani aulize wengine, maana mimi nilipewa habari zake, sikupewa ramani. Habari zenyewe ni za Mwajabu wa Korogwe, aliyefika huko akiwa na sanduku moja, futikamba ya chuma na kinyongo cha siku nyingi.

Mwajabu alikuwa dalali wa viwanja. Kwa miaka ishirini na miwili aliwauzia watu viwanja vya barabarani, vya bondeni, vya karibu na shule, na vya kona visivyopungua arobaini, hali yeye mwenyewe akipanga chumba cha uani. Kazi aliijua. Alikuwa akikanyaga ardhi mara moja anakwambia maji yatatuama wapi mvua ikinyesha, na jirani yupi atakuja kuleta ugomvi wa mpaka. Basi siku moja ikamfikia barua ya mdogo wake, Zena, aliyekwenda Ughera miaka minane nyuma kumpikia bibi kizee asiye na mtoto. Aliisoma amesimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Dada Mwajabu, salaam. Bibi alifariki miaka miwili iliyopita, akaniachia kiwanja chake. Ni kiwanja cha kona, mtaa wa Mlimbwende, penye watu. Nataka kukiuza nirudi nyumbani, lakini sheria ya huku inanitaka nimlete mtu wa damu yangu, na hakuna mwingine awezaye kazi hii ila wewe. Tafadhali njoo. Mimi mdogo wako, Zena."

Aliirudia mara tatu. Mara ya kwanza aliona neno kona tu, na roho ikamuuma palepale. Dalali anajua kona ni nini. Watu hungoja miaka wapate kona, hugombana na ndugu zao kwa ajili ya kona, na sasa Zena, ambaye hata futikamba hajawahi kuishika, amepata yake kwa kukanda unga wa chapati. Mara ya pili akayaona maneno "hakuna mwingine," na moyo ukamtulia. Walau safari hii walikubali kwamba kama kuna kichwa katika familia ile, ni chake. Mara ya tatu roho ikamuuma tena, na kwa hali hiyo akafunga safari.

Mlimbwende zamani ulikuwa mtaa wa mafundi viatu na wachoma mahindi. Kisha kijana mmoja mwenye ndevu za kuchongwa akapaka ukuta rangi nyeusi, akaanza kuuza kahawa katika vikombe visivyomtosha mtoto, na kabla miaka mitatu haijaisha hapakuwa tena na mahali pa kushonesha kiatu. Mwajabu aliukuta mtaa huo katika fahari yake yote. Palikuwa na duka lenye shati moja. Palikuwa na baiskeli zilizopigiliwa ukutani zisipandwe na mtu, na viti vya makreti ya soda vilivyokuwa ghali kuliko viti vya kukalia vizuri. Katika migahawa watu wote waliketi wakielekea barabarani, hata wachumba, ambao walizungumza bila kutazamana, kwa sababu kumtazama mwenzako ni kupoteza muda ambao ungetazamwa. Pazia ni kosa. Mwenye nyumba akikutwa na pazia huonywa, na akirudia huhamishiwa mtaa asikopita mtu.

Kwenye makutano ya njia alikaa afisa chini ya mwavuli, ameshika tasbihi ndefu. Kila mpita njia alipogeuza shingo kutazama nyumba, afisa alisogeza punje moja. Mwajabu akamuuliza anahesabu nini.

"Shingo, mama," alijibu bila kuinua kichwa. "Na yako nimeihesabu mara mbili."

Nyumba aliyokuwa akiitazama ndiyo ya Zena. Ilikuwa ndogo, ya zamani, yenye kuta mbili za vioo, imekaa palepale njia mbili zinapokutana. Mwajabu alisimama ng'ambo ya barabara akatafuta kasoro. Alitafuta mtaro mbovu, nguzo ya umeme iliyokaa vibaya, kaburi la watu, chochote. Hakuona. Ardhi ilikuwa tambarare, kavu, yenye pembe iliyonyooka, na kijicho kikampanda mpaka akahisi uchungu nyuma ya ulimi.

"Shikamoo, dada," Zena alisema kutoka mlangoni, mikono imejaa unga.

"Marahaba. Umenenepa."

"Nimenenepa. Ingia ndani, watu wanatutazama."

"Si ndicho mnachotaka huku?"

Zena akacheka. Alikuwa na mwanya, na kicheko chake tangu utotoni kiliwafanya watu wasahau walichokuwa wakimgombezea. Mwajabu naye alisahau kwa dakika nzima, halafu akakumbuka.

Walikula mezani kando ya kioo. Nje, watu watano wakasimama kuwatazama wakila, mmoja wao akiandika kwenye daftari namna Zena alivyokunja chapati. Zena aliwapa mgongo, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenye kona haruhusiwi kuiacha hata kwa wiki moja. Analala hapo, anakula hapo, anatazamwa hapo, mpaka auze. Yeye tangu bibi afariki alikuwa akibadili nguo amechuchumaa nyuma ya jiko.

"Basi uza," Mwajabu alisema.

"Mnunuzi yupo. Kampuni ya Juu Zaidi. Watabomoa nyumba hii, waweke ghorofa kumi na mbili. Kibali kikija cha kumi na moja, hawanunui."

Mwajabu akageuka kuitazama ile pembe kwa kioo, akaipandisha ghorofa moja baada ya nyingine kichwani mwake. "Msingi utabeba. Kibali anatoa nani?"

"Baraza. Kesho asubuhi. Ndiyo sababu nimekuita."

"Na wanataka nini kwangu?"

"Utaelezwa huko, dada," Zena alisema, akaenda kugeuza chapati, na kikaangoni hapakuwa na chapati.

Mchana ule Mwajabu alifanya alichokijua. Alitoa futikamba, akapima upande wa barabara kuu, akapima upande wa njia ndogo, akachora kwenye karatasi kubwa mahali pa maji machafu, mahali pa kuingilia magari, na mahali kivuli cha jengo kitakapoangukia. "Shika huku," alimwambia Zena. "Vuta. Usilegeze." Na Zena alishika, akavuta, hakulegeza. Ilikuwa miaka mingi tangu mdogo wake asimame alipoambiwa asimame, na Mwajabu alifurahi waziwazi, akawa hata anaimba kidogo. Jasho lilimtoka, watu wa migahawani wakamtazama, na yule afisa wa tasbihi hakusogeza punje hata moja kwa ajili yake.

Asubuhi wakaenda Baraza la Kijicho. Nalieleza jinsi nilivyoelezwa. Ni ukumbi mpana, wenye madirisha makubwa na wazee wakavu, na ndilo linalotawala ardhi yote ya Ughera. Mpimaji Mkuu wake siku zile alikuwa Bwana Kope, mtu mpole, mwenye sauti ya daktari. Mwajabu hakungoja kuulizwa. Alitandaza karatasi yake mezani, akaanza kueleza mielekeo na mifereji, kidole kikitembea juu ya mistari. Bwana Kope alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Hii ni nini, mama?"

"Vipimo vya kiwanja."

"Kiwanja tulishakipima. Wewe tumekuita tukupime wewe."

Ndipo alipoelezwa sheria. Hapo zamani, Bwana Kope alisema, Waughera waliruhusu ghorofa kwa kufuata nguvu ya udongo, kama mataifa mengine yasiyo na akili. Majengo yalisimama vizuri na hakuna aliyeyataka. Wazee wakakaa, wakagundua kwamba kiwanja kinathaminiwa kwa uchungu anaoupata mtu asiye nacho. Mwanzoni walipima uchungu wa wapita njia, ambao shingo zao zingali zikihesabiwa kwa desturi tu, wakakuta ni mwepesi, unafuata mitindo, mwaka huu upo na mwakani umehamia mtaa wa pili. Uchungu wenye mizizi ni wa ndugu. Kwa hiyo kila auzaye huleta ndugu yake wa damu, ndugu hutoa madonge yake ya roho mbele ya Baraza, na kila donge lililothibitishwa huruhusu ghorofa moja.

"Na nikisema sina?" Mwajabu aliuliza.

"Wengi husema hivyo. Donge linalofichwa tunaliandika vilevile, ila linakuwa maegesho ya magari chini ya ardhi."

Mwajabu alidhani anafanyiwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Karani mmoja alimweleza kwa fahari jinsi sheria ilivyowalea watu wa nchi ile. Wazazi wenye busara humpenda mtoto mmoja waziwazi na kuwanyima wengine, si kwa ukatili bali kwa kuwatengenezea maisha ya baadaye. Mtu aliyependwa na ndugu zake wote ndiye maskini wao, na palikuwa na mwalimu mmoja mwema, mwenye kiwanja kikubwa katikati ya mji, ambaye kwa miaka thelathini hakupata ruhusa ya kujenga zaidi ya banda. Kisha karani akamwonyesha kwa dirisha jengo la wauza vitambaa. Ghorofa yake ya tatu ilikuwa imezibwa kwa matofali. Ndugu wawili walikumbatiana msibani, mmoja akamsamehe mwenzake habari ya ng'ombe, na kesho yake wapangaji wakatolewa pamoja na majora yao. Mpaka leo wapangaji hao wakiwaona wale ndugu wakitembea pamoja huwatukana.

"Tangu hapo shahidi hula kiapo kwamba madonge yake ni ya kudumu," karani alisema. "Na mkaguzi huenda kwake kila mwaka, popote alipo."

Iliyobaki ni habari ya kona. Kona inaonekana kutoka njia mbili, basi wasomi wa Baraza walijadiliana miaka kumi na mmoja kama mtu mmoja aliyeionea kijicho kutoka njia ya kwanza, akakata kona, akaionea tena kutoka njia ya pili, ahesabiwe mtu mmoja au wawili. Upande mmoja ulisema shingo ni moja. Upande wa pili ulisema ndiyo, lakini imegeuka mara mbili. Bibi wa Zena alifia katika mjadala huo, hajauza. Mwezi uliopita walipatana kwamba shahidi wa kona atakuwa mmoja, ila atatazamwa na makarani wawili, mmoja amekaa mbele yake na mmoja ubavuni. Wote waliona ni uamuzi wa haki, wakapumzika wiki mbili.

Mwajabu aliomba nafasi ya kutoka nje. Zena akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Uliniita kwa hili," Mwajabu alisema.

"Ndiyo."

"Nimepima kiwanja kizima juani, na wewe umeshika ncha ya futikamba, umenyamaza."

"Ulikuwa umefurahi, dada. Nilishindwa."

"Barua imesema hakuna mwingine awezaye."

"Na ni kweli. Watoto wa mjomba wananipenda. Kaka Shaweji hata hanikumbuki. Nani mwingine?" Zena alikuwa akichezea ncha ya kanga yake. "Nilidhani haitakugharimu kitu. Kijicho unacho tayari. Umekuwa nacho tangu nizaliwe, umekaa nacho mezani, umelala nacho chumba kimoja na mimi. Nikasema, basi angalau mara moja kitufae."

"Kitufae sisi?"

"Kinifae mimi, basi. Nimechoka kukaa ndani ya chupa, dada. Nikishauza narudi Korogwe."

"Na kiapo? Umekisikia kiapo?"

Zena hakumtazama. "Tangu lini tumepatana?"

Neno hilo lilimchoma Mwajabu zaidi ya kona yenyewe. Alikaa kwenye ngazi. Kama mtu angemuuliza saa ile anataka nini duniani, asingesema kiwanja, wala nyumba, wala mwanya. Alitaka mara moja tu Zena amtazame yeye vile yeye alivyomtazama Zena kwa miaka arobaini. Alitaka kuonewa wivu na mdogo wake, hata kwa kitu kidogo, hata kwa kanga, hata kwa uongo kidogo. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo, kwa kuwa alijua linavyosikika.

Ndipo wazo likamjia, na lilimpendeza kuliko chakula. Zena anataka kumi na mbili. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe, Zena anataka kitu kilichomo mikononi mwa Mwajabu, na hawezi kukipata kwa kucheka. Atampa kumi na moja. Atamtajia yote, mbele ya watu, moja baada ya jingine, kisha atafunga mdomo kwenye kumi na moja na kumwangalia. Akainuka, akakung'uta gauni, akarudi ndani.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bi Minara, mwakilishi wa Kampuni ya Juu Zaidi, alikaa mbele na jalada magotini, mwanamke nadhifu asiyetabasamu bure. Karani wa mbele na karani wa ubavuni wakachovya kalamu.

"La kwanza," alisema Bwana Kope.

"Nilikuwa na miaka minne, nabebwa mgongoni kwa mama nikichoka," Mwajabu alisema. "Akazaliwa huyu. Nikaambiwa sasa wewe ni mkubwa. Nilikuwa na miaka minne."

Makarani wakatazamana, wakaandika. Moja.

Alidhani itakuwa vigumu. Haikuwa vigumu hata kidogo. Alisema habari ya ukoko wa wali, uliokuwa wa Zena kila Ijumaa, yeye akipewa sufuria asugue. Alisema habari ya mtihani wa darasa la saba: yeye alifaulu, akaambiwa ndivyo inavyotakiwa, Zena alishindwa, akapikiwa kuku ili asihuzunike. Hapo ukumbi wote ulivuta pumzi kwa heshima, na mzee mmoja nyuma akasema kuku huyo peke yake ni ghorofa ya maofisi. Alisema juu ya usingizi, kwamba Zena alilala mara tu kichwa kilipogusa mto, na yeye akabaki akisikiliza pumzi zake mpaka alfajiri. Aliposema rangi ya ngozi, karani wa ubavuni alikataa, akisema wivu huo hata majirani wanao, si wa ndugu. Mwajabu akakasirika, akaleta jingine zito zaidi.

Ni la Msagati, fundi umeme, aliyekuja kumposa yeye. Alikuja na wajomba wawili na kanzu iliyonyooshwa. Zena aliingia na sinia la chai, hakusema neno, aliweka tu sinia akatoka. Msagati akakosea kikombe, akamwaga chai kwenye kanzu, na baada ya wiki moja wajomba wakarudi na maneno mapya.

"Na mimi nilimkataa," Zena alisema kutoka alipokaa.

"Ndiyo," Mwajabu alisema bila kumgeukia. "Ulimkataa. Ungemchukua ningekusamehe. Nilichokosa mimi, wewe hukukiona hata cha kuchukua."

Makarani wote wawili waliandika kwa muda mrefu. Bwana Kope aliamuru hilo lihesabiwe mawili. Bi Minara aliitikia kwa kichwa taratibu, na mkono wake ukaanza kufungua jalada.

Yalifuata mengine. Mwanya. Kicheko. Lile la jinsi watu wa Korogwe, hata leo, humwita yeye "dada yake Zena." La kumi na moja lilikuwa kiwanja chenyewe: kwamba ameuza kona arobaini, amezipima kwa miguu yake, amezijua kwa majina ya wenyewe, na hakuna hata moja aliyolala juu yake, na huyu aliyejua kukanda unga ameamka siku moja anaona njia mbili mbele ya mlango wake. Alipiga meza kwa kiganja. Haikuwa maigizo.

"Kumi na moja," Bwana Kope alisema. "La kumi na mbili?"

Lilikuwepo. Mama yao aliugua miaka miwili, na aliyemwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, alikuwa Mwajabu. Zena alikuwa Ughera. Siku ya mwisho mama alifumbua macho, akamshika Mwajabu mkono, uso wake ukang'aa, akasema, "Zena, umekuja." Hakusema tena. Donge hilo Mwajabu hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata siku ya mazishi, na alilihisi sasa likipanda mpaka kwenye koo. Akalimeza.

"Nimemaliza," alisema.

Ukumbi ukanong'ona. Karani wa mbele akamkazia macho, akasema yawezekana lipo lililofichwa. Bwana Kope akajibu kwamba likiwepo litakuwa maegesho, na maegesho si ghorofa. Bi Minara akafunga jalada, akaanza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

Mwajabu akageuka kumtazama mdogo wake. Hii ndiyo saa aliyoitaka. Zena alikuwa amekaa wima, unga kidogo umebaki kwenye kucha, midomo imekauka. Alionekana mtu mzima, amechoka, anayerudishwa kwenye vioo vyake, na Mwajabu alihisi utamu ambao hakuwahi kuuhisi kwa kuuza kona yoyote. Nionee wivu sasa, alisema moyoni. Tamani kitu nilicho nacho.

"Kabla hatujafunga," Bwana Kope alisema, "sheria inataka muuzaji naye aulizwe. Wivu wa pande mbili hufutana, donge kwa donge, kwa hiyo ni lazima tujue. Zena, umewahi kumwonea shahidi wivu, kwa jambo lolote?"

Mwajabu alielewa haraka, kama dalali anavyoelewa. Kiwanja kilikwisha kukosa mnunuzi kwa kumi na moja. Zena hakuwa tena na sababu ya kudanganya. Angeweza kusema kweli bila kupoteza chochote. Na kweli ingewezekana, mbona isiwezekane? Ule mtihani. Kusoma barua za watu wa mtaa mzima akiwa na miaka kumi. Miaka miwili peke yake na mama, miaka ambayo Zena hataipata tena. Jana tu, namna alivyotandaza futikamba mbele ya watu. Lolote kati ya hayo. Neno moja lingetosha, na Mwajabu alijua kwamba kwa neno hilo angewasamehe mama, na Msagati, na kona, angelitoa hata lile la kumi na mbili na kulitupa.

Zena alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kwa uaminifu, akiitazama meza.

"Hapana," alisema.

"Fikiri vizuri. Hata utotoni?"

"Nimefikiri. Sijawahi, hata siku moja." Akainua macho kumtazama dada yake, na macho hayakuwa na ubaya. "Nilikuwa nikimhurumia."

Hakuna aliyemuuliza Mwajabu kitu. Lakini Bwana Kope, ambaye alikuwa na miaka mingi katika kazi ile, aliweka kalamu chini akamtazama usoni. Karani wa mbele akasimama, akamtazama kutoka mbele. Karani wa ubavuni akasimama, akamtazama kutoka ubavuni, kama ilivyoamuliwa kwa viwanja vya kona. Wakatazamana wao kwa wao, wakakubaliana bila kujadili.

"Andikeni kumi na mbili," Bwana Kope alisema.

Bi Minara akarudi kwenye kiti chake, akafungua jalada. Zena alitia saini kwanza. Kisha makarani wakamletea Mwajabu karatasi ya kiapo, wakamuuliza kama donge hili la mwisho, lililomwingia mbele ya macho yao, ni la kudumu, naye akawatazama tu. Karani mmoja akairudisha karatasi mfukoni, akasema kiapo hakihitajiki.